Kitanda cha Dirishani

Nyangeta mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Debora, na najua utarudi jua linazama, kwa sababu nywele zako ni nyingi na maneno ya Mama Debora ni mengi zaidi. Nimekaa barazani peke yangu. Kutoka hapa Nyakato ya Musoma ziwa naliona kwa mbali, na wale wadudu wa ziwani wameinuka tena juu ya maji, wamesimama kama moshi mweusi wa nyumba zinazoungua. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ni nyumba ya nani inaungua kule. Nikakujibu, si nyumba, ni wadudu. Hukuniamini mpaka upepo ulipowaleta wakajaa kwenye uji wako.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Mwanza kurudia mtihani wa leseni ya uuguzi. Mambo ya safari sitayaandika. Nauli, chakula, jinsi ya kushika begi pale stendi, yote umeshayasikia mpaka umechoka, na utakachosahau utauliza watu. Nataka nikujibu lile uliloniambia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunachambua dagaa hapahapa, ukaniambia jambo, na mimi nikakwambia ingiza ungo ndani, mvua inakuja. Hakukuwa na mvua. Uliangalia mbingu, ukaniangalia mimi, ukaingiza ungo. Tangu siku hiyo hujalirudia, na mimi nimekuwa nazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Uliniambia kwamba mara ya kwanza hukuanguka mtihani kwa kutosoma. Ulikuwa umeanza vizuri. Ukafika kwenye swali la mama mjamzito anayetoka damu, dalili zipi muuguzi atazitambua mapema. Hapo ukasikia mtu nyuma yako anasema, taratibu kabisa, "Nesi, nina kiu." Ukageuka. Ulikuwa umekaa kiti cha mwisho, nyuma yako kulikuwa na ukuta tu. Na sauti uliijua. Ilikuwa ya Pendo, yule mama aliyefia Bunda ulipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Ukaweka kalamu chini, ukatoka nje, na msimamizi akadhani tumbo linakuuma.

Halafu ukaniambia ilivyokuwa siku ile Bunda. Pendo aliletwa na dada yake, kondo la nyuma limekaa mbele ya mtoto, damu inatoka. Daktari akasema aandaliwe kwa upasuaji na asipewe kitu cha kunywa. Ukaachwa naye ukisubiri machela. Akakuomba maji. Akakuomba tena. Hukumpa. Mtoto alitolewa akiwa hai, mama hakutoka. "Nilimnyima maji, mama," ulisema, huku vidole vyako vinaendelea kutoa mchanga kwenye dagaa kama vya mtu mwingine. "Sasa anayafuata."

Shangazi yako ulimwambia kabla yangu, na sikulaumu. Anataka akupeleke kwetu Butiama kwa mzee wa ukoo anayejua kuzungumza na waliotangulia. Mchungaji naye ameshakuombea, ingawa hakujua anaombea nini. Wote wawili sijawacheka. Zamani ningecheka, tena kwa sauti. Ngoja nikwambie kilichonitoa kwenye kucheka. Baba yako alikijua kidogo tu. Wewe sikukwambia kwa sababu nilitaka uingie kwenye kazi hii bila mzigo wangu, na huko nako nilikosea, maana umeupata mzigo wako mwenyewe na ukadhani ni wewe wa kwanza duniani kuubeba.

Nilipopata leseni yangu nilikuwa na umri kama wako. Nilipangiwa zahanati ya kijiji upande wa Suguti, pale shamba linapokutana na ziwa. Mhudumu alikuwa mama mmoja anaitwa Sabina, na daktari tuliyekuwa naye alikuwa anagawanywa na zahanati nyingine, leo yupo kesho hayupo. Chumba cha wazazi kilikuwa na vitanda vitatu. Viwili vilikuwa vimesukumwa ukutani vikabanana. Cha tatu kilikuwa peke yake chini ya dirisha la kuelekea ziwani, chenye hewa nzuri na mwanga mzuri, na shuka lake lilikuwa limenyooshwa kama la mgeni wa heshima.

Nikamuuliza Sabina, "Kwa nini hawa wamebanana, na hiki kiko wazi?"

"Hapo huwa hawalalagi," akasema.

"Kwa sababu gani?"

"Kina mtu."

Nikacheka. Nilikuwa nimetoka chuoni, soli za viatu bado nyeupe. Nikamwambia Sabina kwamba kitanda kina godoro na kunguni, basi. Yeye hakubishana. Alinisimulia tu, huku anakunja mashuka, kwamba kabla sijaja kuna msichana aliletwa na mtumbwi kutoka vijiji vya rasi, ameshazaa njiani na mtoto amefariki. Aliingia akiwa ameshamaliza damu yake. Wakamlaza pale dirishani, akawa anasema anasikia baridi, saa sita ya mchana, jua linachoma bati. Wakamfunika blanketi. Akasema bado anasikia baridi. Wakatafuta blanketi jingine, na waliporudi nalo hakuwa na haja nalo. Tangu hapo mgonjwa akilazwa pale anaamka anauliza ni nani anayelalamika baridi.

"Hata wageni," akasema Sabina. "Hata ambao hawajasimuliwa."

"Aliitwa nani?" nikauliza, ila niliuliza kwa mzaha.

Sabina hakujua. Pale zahanati walikuwa wanamwita yule wa dirishani.

Mwanangu, sikumwamini, na hilo si kosa. Kosa langu lilikuwa kutaka kumwonyesha. Kuna hamu fulani inamshika mtu mwenye cheti kipya, hamu ya kuwashinda watu waliomkaribisha vizuri. Basi alipokuja mama mmoja, Rebeka, akajifungua salama asubuhi moja, mtoto wa kiume mzito, kondo limetoka lote nimelikagua mwenyewe, nikasema alazwe dirishani. Vile vitanda vingine vilikuwa wazi. Mkwe wake, bibi mmoja mpole, akanishika mkono.

"Nesi, tumpeleke pale ukutani."

"Pale dirishani kuna hewa, bibi."

"Hewa hatuitaki sisi."

"Mimi ndiye nesi," nikasema. Namsikia hata leo yule msichana niliyekuwa, anavyosema hivyo. Wakamlaza dirishani.

Siku hiyo wadudu wa ziwani walikuja. Upepo uligeuka adhuhuri wakatujia kama wingu, tukafunga madirisha, wakajipaka kwenye vioo mpaka chumba kikawa kama jioni. Watoto wa kijiji walikuwa nje wanawakusanya kwa sufuria. Ndani palikuwa kimya, yaani ule ukimya wa kuzibwa, kama umeweka kichwa ndani ya pipa. Nilikuwa chumba cha pili napanga dawa nikasikia mwanamke anasema, "Nesi, nina baridi."

Nikaenda. Rebeka amelala, mtoto kifuani, mkwe wake anasinzia kwenye benchi.

"Umeniita?"

Rebeka akafungua macho. "Hapana, nesi."

"Umesema una baridi."

"Sina baridi. Nina usingizi tu."

Nikamwangalia yule bibi. Alikuwa ameamka kabisa, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa miguuni pa kitanda. "Hapa hajasema mtu," akanong'ona.

Nikadhani wananichezea. Nikadhani Sabina amewafundisha. Kwa hasira nikachukua blanketi, nikamfunika Rebeka mpaka shingoni, nikalichomeka pande zote vizuri kama mtu anayefunga mzigo, nikarudi kwenye dawa zangu. Hapo ndipo huwa narudi nikiwa nimelala, pale kwenye blanketi. Mgonjwa aliniambia ana usingizi, nesi mwenye leseni akamfunika akaondoka.

Sikumaliza hata rafu moja. Sauti ikaja tena, "Nina baridi," na safari hii haikutoka kule wodini. Ilikuwa hapa, kwenye bega langu la kushoto, karibu kiasi kwamba niliona kama sikio langu limepoa. Haikuwa ya kutisha, Nyangeta, na hilo ndilo lililonitisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuomba kwa adabu jambo ambalo ameshaliomba mara nyingi.

Nilikimbia. Sijui kama nilikuwa namkimbilia Rebeka au namkimbia yule mwingine. Nilipofika nililivuta blanketi lote chini, na kanga, na shuka. Damu ilikuwa imejaa katikati ya godoro, pale linapobonyea, juu ya mpira tunaotandika kuzuia damu, na hakuna tone lililodondoka sakafuni. Ukisimama mlangoni unaona mama amelala vizuri na mtoto wake. Tumbo nililigusa, lilikuwa laini kama ugali uliozidi maji. Mapigo yanakimbia, huwezi kuyafuata.

Mikono ikafanya ilichofundishwa. Nilimsugua tumbo mpaka likaanza kukaza, nikamwita Sabina kwa sauti ambayo sikujua ninayo, sindano, maji ya mshipa, mkojo ukatolewa, mtoto akawekwa kwenye titi anyonye, kitanda kikainuliwa upande wa miguuni kwa matofali. Sabina aliinua chupa ya maji juu ya kichwa chake akaishikilia. Yule bibi akakimbia nje katikati ya wadudu kutafuta gari, akampata mtu mwenye pikapu ya samaki. Nilikwenda na Rebeka mpaka Musoma mjini, nimepiga magoti nyuma juu ya magunia yenye harufu ya dagaa, mkono wangu uko tumboni kwake njia nzima, nalikanda kila nikihisi linalegea. Alipona. Damu aliongezewa na ndugu zake.

Alirudi baadaye zahanati kumleta mtoto kliniki. Akaniletea samaki, sato wawili waliofungwa kwa jani. Tukakaa chini, tukaongea ya mtoto, kisha akaniuliza, "Nesi, yule mama mwingine yuko wapi? Ni mhudumu wenu?"

"Yupi? Sabina?"

"Sabina namjua. Yule aliyekuwa amenikalia miguuni siku ile. Nilikuwa nataka kumwambia aondoke, ananilemea, ila usingizi ulinizidi. Alikuwa amejifunika blanketi."

"Sura yake ilikuwaje?"

"Sikuiona. Alikuwa amejifunika mpaka kichwani."

Sijui ni nini, Nyangeta. Nimekaa na jambo hili miaka yote na bado sijui. Naweza kukwambia kwamba sikio la muuguzi linasikia kabla akili haijapata habari, kwamba nilishaona weupe wa midomo ya Rebeka nilipomfunika na nikakataa kuujua, kwa hiyo kichwa changu kikatafuta sauti ya kuniambia. Rebeka naye alikuwa karibu kuzimia, na mtu wa hivyo huona mengi. Naweza kukwambia hayo yote mchana kama huu. Lakini yule bibi alikuwa anaangalia miguuni pa kitanda kabla ya yeyote kusema lolote. Hilo sina pa kuliweka.

Nililofanya baada ya hapo nalijua vizuri, na silipendi. Niliogopa. Kitanda nilikihamisha, nikakichanganya na vingine ili nisijue ni kipi. Niliacha kuuliza habari za yule msichana. Nikaomba uhamisho, nikaupata, nikaolewa, nikakuzaa, nikafanya kazi Musoma mpaka nikastaafu, na kila nilipofunga blanketi la mgonjwa nililifungua tena kuangalia. Wenzangu wakanipa jina, Mama Funua. Walidhani ni bidii.

Miaka mingi ilipita ndipo nikaenda kuwatafuta watu wa yule msichana wa dirishani. Ulikuwa kidato cha pili, pengine unakumbuka nilivyopanda boti pale bandarini Mwigobero nikakwambia nakwenda msibani. Nikauliza kijiji kwa kijiji mpaka nikaonyeshwa nyumba. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mama yake alikuwepo, macho yamekufa yote mawili, anaanua dagaa kwa kupapasa. Nikamweleza mimi ni nani na nimefanyia kazi wapi. Nikamsimulia yote, sauti, blanketi, Rebeka na mtoto wake ambaye sasa alikuwa kijana mkubwa. Nilitegemea atalia, au atanifukuza.

Akauliza, "Unasema anawajiaga kule?"

"Alikuwa anakuja, mama."

"Hapa kwetu hajawahi kuja." Vidole vyake vikaendelea kutafuta dagaa kwenye turubai. "Mimi nilidhani amenisahau. Kumbe mwanangu yuko kazini."

Aliitwa Nyafuru. Ndilo jina nililolifuata kule na kurudi nalo. Yule mama alinishika mkono akawa ananiuliza vitu vidogovidogo, chumba kilikuwaje, dirisha linaelekea wapi, kama kuna upepo. Alikuwa anataka kujua mtoto wake anaishi wapi. Ningeweza kumwambia hayo tangu mwanzo, yeye na mzee wake aliyekufa anadhani amesahauliwa. Nilikuwa nimejificha na kitu cha watu.

Sasa narudi kwako. Ulipoweka ungo ndani ile Jumamosi nilikwenda nikafungua yale makabrasha yako ya kusomea, nikatafuta ile sura ya kutokwa damu. Nilikuwa sijaifungua tangu ujana wangu, na imeandikwa upya, lakini mambo ni yaleyale. Mgonjwa anayepoteza damu kwa siri, kabla presha haijashuka, moyo unakimbia. Anasikia baridi. Anasikia usingizi. Anahangaika. Anasikia kiu.

Soma hapo tena. Wewe ulisema uliulizwa dalili za mapema, ukasikia, "Nesi, nina kiu," ukatoka nje ya mtihani. Mwanangu, ulikuwa unapewa jibu. Ameliweka nani, sikwambii, maana sijui, labda ni kichwa chako kilichosoma vizuri kuliko unavyokiamini. Lakini ukikaa tena kwenye kile kiti na ikaja tena, usigeuke kuangalia ukuta. Andika kiu. Mshukuru kimoyomoyo ukipenda, halafu uende swali linalofuata. Shangazi yako anataka Pendo aambiwe aende zake. Mimi nakuomba usimfukuze kwanza. Msikilize anasema nini, kisha ufunue blanketi la mgonjwa aliye mbele yako.

Na jambo jingine sijakwambia. Jumanne nilisema nakwenda Mwigobero kununua samaki, nikarudi mikono mitupu nikasingizia bei. Nilikwenda Bunda. Uliwahi kunitajia kwamba dada yake Pendo anauza nyanya sokoni, na soko la nyanya la Bunda si kubwa kiasi cha kumficha mtu. Sikutaka nisubiri tena mpaka macho ya mtu yafe.

Anaitwa Esta. Nilipomwambia jina lako aliinuka pale kwenye nyanya zake akaziacha bila mtu.

"Yule nesi mdogo mwenye kovu hapa kwenye kidevu? Wewe ndiye mama yake?"

"Ndiye mimi."

"Yuko wapi? Tulimtafutaga baada ya msiba, wakasema wanafunzi wameshaondoka."

Nikamwambia ukweli, kwamba unateseka, kwamba unasema ulimnyima Pendo maji. Akaniangalia kama nimetukana.

"Alimnyima? Nani kasema? Daktari ndiye alikataza, tulisikia wote. Yule mtoto wako alichukua pamba akailowesha, akawa anampangusa midomo. Analowesha, anapangusa, analowesha, anapangusa, mpaka wanakuja na machela mkono wake bado uko mdomoni kwa Pendo. Na analia, machozi yanamdondokea mgonjwa. Mimi ndiye nilimshikia kile kibakuli!"

Nyangeta, ulifanya hivyo na umesahau. Hofu imekula kibakuli, imekula pamba, imekula na Esta aliyekuwa amesimama hapo, imekuachia neno moja tu, nilimnyima. Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukwambia. Nikikwambia kwa mdomo utasema mama ananifariji. Haya niliyoandika ni ya Esta, alivyoyasema mbele ya nyanya zake, na namba yake ya simu nimeiweka kwenye begi lako, umuulize mwenyewe basi likisimama Bunda.

Esta hakuniacha niondoke. Tulipanda pikipiki mpaka kwao, kijiji cha pamba, nyumba iko peke yake katikati ya mashamba, na pamba imepasuka pande zote nyeupe tupu. Mama yao alikuwa kule mbali anachuma. Uani palikuwa na mtoto wa kike anajifunza kutembea, anashika ukuta. Esta akamwita, "Nyangeta!" Mimi ndiye niliyeitika.

Pendo alimuuliza dada yake pale kwenye kitanda cha hospitali, huyu nesi anaitwa nani. Esta akalisoma kwenye kitambulisho chako. Pendo akasema, mtoto akiwa wa kike mumpe hilo. Ni neno lake la mwisho ambalo watu walilielewa. Basi wamempa. Kule Bunda jina lako linaitwa asubuhi mpaka jioni, kwenye pamba, kisimani, mlangoni, na sauti ya Esta, nimeambiwa, imefanana sana na ya marehemu.

Nilimbeba. Unajua watoto wa umri ule wanavyofanya kwa mgeni, alinitazama usoni, mdomo ukaanza kupinda kuelekea kulia. Halafu akaangalia juu ya bega langu, mlango wa nyumba uliokuwa nyuma yangu. Ndani hapakuwa na mtu. Esta alikuwa mbele yangu, bibi yuko shambani. Mtoto akacheka, Nyangeta, akaonyesha meno yake yote machache, akanyoosha mikono yote miwili, akajitupa kuelekea kule kwa uzito wake wote, kama mtoto anavyojitupa mama yake akirudi kutoka shamba.

Nywele zilinisimama, kwa umri wangu huu. Sikugeuka. Niliupanga mkono wangu vizuri chini yake asianguke, nikasimama hapo mpaka amalize kucheka.

Mama yako